Alifika Ngapi Kabla ya Radi

14 Januari 1993

Dada yangu,

Nimefika. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, utaruka salamu zote utafute hapo tu. Nimefika mzima, sanduku limefika, na zile sindano ulizosema zitaibiwa njiani hazikuibiwa.

Dada, hapa naitwa Mwalimu. Mimi! Mimi niliyeishia darasa la saba na kugawanya kwa namba mbili sikuwahi kuweza! Siku ya kwanza niliingia karakana wakasimama wote, nikageuka nyuma kuangalia nani kaingia. Wakacheka, nikacheka, na hapo ndipo tulipojuana. Ni wanawake kumi na wanne, karibu wote wamenizidi umri. Lugha yao nashika nusu, nusu nyingine naonyesha kwa mikono, na bahati nzuri nguo haitaki maneno mengi. Yuko mmoja rika la marehemu mama, tunamwita Bi Kicheko. Hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kucheka, basi uzi unamkimbia, anacheka tena. Amejipa kazi ya kunilea. Kila asubuhi ananiuliza nimekula nini, utadhani mimi ndiye mwanafunzi.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu chenye paa la mabati. Cherehani tisa, mbili mbovu, meza ya kukatia, pasi za mkaa. Nje kwa nyuma kuna waya mrefu umefungwa kwenye nguzo mbili za chuma, hapo tunaanika nguo zikishatiwa wanga. Nimepewa koti la kazi la bluu, zito, lina beji ya jina langu kifuani. Nililivaa nikajitazama kwenye kioo cha dirisha mpaka nikaona aibu.

Sasa Kidoti wangu. Umeniambia nisikufundishe kazi, na wewe ndiye Mama Mkubwa wake, lakini nivumilie. Hapendi maziwa yenye utando. Akinuna anakaa chini ya meza, mwache, atatoka mwenyewe. Na radi, Dada. Radi ndiyo inayomtesa. Mwanga ukimulika anaanza kutetemeka kabla hata haijalia. Fanya kama mama alivyotufanyia sisi: mpakate, hesabuni pamoja, moja, mbili, tatu, mpaka ilie. Ikilia mmefika kumi, mwambie hiyo iko mbali, haina habari na sisi. Akihesabu anatulia. Ila usimwache ahesabu peke yake.

Na kila miezi miwili nitumie nyuzi zake. Mweupe toka bega mpaka goti, mwekundu kuzunguka kifua, mweusi urefu wa mkono. Nitamshonea huku huku. Nikishika uzi wake nitajua alivyo hata kama simwoni.

Miaka miwili si mingi. Hati yangu ya kusafiria inakaa kwa mkuu wa shule mpaka mkataba uishe, ndiyo utaratibu wao, lakini Desemba ya mwakani niko mlangoni kwako. Nilikuambia siku ile Shemeji alipoondoka, na leo narudia kwa maandishi: wa kwangu ni wako.

Mdogo wako


20 Februari 1993

Mdogo wangu,

Barua yako imefika pamoja na maagizo yake. Nimeyabandika ukutani kule jikoni shuleni, watoto mia tatu ninaowapikia nao wajue kwamba Kidoti hapendi utando wa maziwa. Nakutania. Hayo ya utando ameshaacha, anakunywa kama wenzake. Kumbe alikuwa anadeka.

Ameanza darasa la kwanza. Asubuhi tunatoka pamoja, mimi jikoni, yeye darasani, na saa ya chakula anakuja dirishani kwangu na sahani yake kabla ya watu wote. Mwalimu wake alimuuliza mama yako ni nani, akanyoosha kidole jikoni. Usinune. Mtoto anaonyesha anayemwona. Nyumbani ananiita Mama, na Mama Mkubwa pale anapokumbuka. Simfundishi, na simkatazi.

Radi ilipiga wiki iliyopita, mchana, tukiwa tunaosha masufuria. Alitoka mbio darasani akaja kujibanza kwenye aproni yangu. Tukahesabu. Tulifika tisa. Akauliza, huko aliko mama nako ni tisa? Nikamwambia huko aliko mama hata hatujui kama kuna mvua.

Nyuzi hizi hapa. Mweupe umezidi ule uliokata ukiondoka kwa vidole viwili. Anakua, na hamngoji mtu.

Wewe fundisha. Umekuwa mwalimu, mimi ni mpishi, kila mtu na lake. Lakini nikuulize kidogo. Hiyo "wa kwangu ni wako" maana yake nini? Mtu akisema hivyo anatoa au anaazima?

Dada yako


21 Machi 1993

Dada,

Nimecheka hayo ya ukutani, kisha nikalia kidogo, kisha nikashona. Vidole viwili! Uzi ule nimeupima mara sijui ngapi. Bi Kicheko aliniona, akauchukua, akauweka shavuni kwake kama mtu aliyepakata mtoto. Yeye ana binti mmoja, mtu mzima, anakuja kumchukua kila jioni. Bi Kicheko ameniambia siri yake: magari anayaona vizuri sana, ila anajifanya hayaoni ili binti amshike mkono kuvuka barabara.

Usiniulize maswali ya kunipasua, Dada. Wa kwangu ni wako maana yake tunamlea wawili. Akuite anavyotaka. Lakini kila anapolala mtajie kwamba yuko mama, yuko safarini, anakuja. Neno moja tu kwa siku, silo kubwa.

Sasa nina habari. Alhamisi wakaguzi wanakuja. Kila mwanafunzi atatoa nguo moja, imefuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi, imebandikwa namba. Wakifaulu wote kumi na wanne, mkuu amesema huenda akaniruhusu nije likizo Agosti hii. Agosti hii, Dada! Usimwambie Kidoti. Nataka nimtokee tu mlangoni nione atafanyaje.

Mawingu ya huku yana vituko. Kila mchana yanapanda meusi, yanasimama, yanatuangalia, yanarudi yalikotoka. Wenyeji wanasema yanajipanga. Mimi nimewafundisha wanafunzi wangu kuhesabu. Mwanga ukimulika, karakana nzima inahesabu kwa lugha yetu, moja, mbili, tatu, kama chekechea, na Bi Kicheko kila mara anaruka kutoka nne kwenda sita. Tunacheka mpaka sindano zinaanguka.

Mdogo wako


Ofisi ya Shule ya Ufundi
2 Aprili 1993

Kwa ndugu wa marehemu,

Tunasikitika kukuarifu kwamba ndugu yako, mwalimu wa ushonaji wa shule hii, alifariki dunia tarehe 25 Machi, saa tisa alasiri, kwa kupigwa na radi nyuma ya karakana. Dhoruba hiyo iliezua sehemu ya paa na kukata barabara kwa siku kadhaa.

Marehemu alitambuliwa hospitalini kwa koti lake la kazi na beji. Kwa kuwa barabara ilikuwa haipitiki na hali ya mwili haikuruhusu kungoja, mazishi yalifanywa na hospitali.

Tafadhali weka sahihi kwenye fomu iliyoambatanishwa na uirudishe mapema iwezekanavyo, ili tuweze kufunga jalada lake.

Karani, kwa niaba ya Mkuu wa Shule


19 Aprili 1993

Dada yangu,

Mwandiko usikutishe, mkono wa kulia bado unatetemeka. Kama umesikia lolote kuhusu dhoruba ya huku, usilie, nimepona.

Ilikuwa Alhamisi ileile ya wakaguzi. Nguo zote kumi na nne ziko kwenye waya nje, nyeupe pee. Kufika saa nane hivi mchana ukabadilika rangi, ukawa kama sufuria iliyoungua. Upepo ukaja, halafu mvua ya mawe. Mawe makubwa, Dada, kama ngumi ya mtoto. Juu ya mabati huwezi kumsikia hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Tulijibanza sote chini ya meza ya kukatia, makalio yamebaki nje, na bado Bi Kicheko anatuchekesha.

Kisha radi ikapiga nyuma ya karakana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mlio sikuusikia. Nilihisi tu kama mtu kanisukuma kifuani kwa mikono miwili.

Nilizinduka siku ya tano, kwenye zahanati ndogo. Ulimi mzito, siwezi kusema jina langu, na hakuna wa kunisemea kwa sababu barabara ilikuwa imekatika na waliookotwa waligawanywa huku na huku. Juu ya kitanda wameandika: Mwanamke, hajulikani. Siku ya kumi na moja akaja binti wa Bi Kicheko. Aliambiwa yuko mwanamke hai asiye na jina, akatembea njia nzima kwa miguu, matope mpaka magotini. Alifunua shuka akanitazama. Dada, nimeona uso wa mtu ukizimika. Akasema, "Siye." Kisha akanifunika tena, mpaka usoni, kama maiti, akaondoka.

Bi Kicheko amekufa. Radi ilimkuta kwenye waya.

Sikio la kushoto halisikii tena. Mkono daktari amesema utarudi, na mimi namwamini kwa sababu nataka kumwamini. Kidoti usimwambie hata kidogo. Mwambie mama anakuja. Barua yako sijaipata, nadhani ni hii barabara. Nyuzi za mwezi huu usisahau.

Mdogo wako


30 Mei 1993

Dada,

Nilikuwa nakulaumu kwa ukimya wako. Leo nimejua. Karani ameniita ofisini, anaongea huku anapanga kalamu zake. Kumbe walikuandikia kwamba nimekufa mimi! Nikamwambia, niko mbele yako. Akasema, "Nakuona, Mwalimu, lakini jalada lako tumeshalifunga, na kulifungua tena ni kazi." Anasema barua ya kusahihisha ameituma wiki mbili zilizopita. Umeipata? Na ile yangu ya Aprili? Nikifikiri kwamba ulikuwa unanililia huku mimi nimekaa hapa nakula, nasukuma sahani pembeni.

Iko siri niliyokuficha, nakupa leo kwa sababu sina mwingine. Koti lilikuwa mwilini mwa Bi Kicheko kwa sababu nilimvalisha mimi. Mvua ya mawe ilipopungua niliziona zile nguo kwenye waya zinapigwapigwa. Nikawaza wakaguzi. Nikawaza Agosti. Mwanga ukamulika, tukahesabu, ikalia tumefika saba. Nikasema, saba iko mbali, kimbieni mkazitoe. Hakuna aliyeinuka. Mimi ndiye niliyeinuka. Bi Kicheko akanivuta sketi akasema, "Kaa, mwanangu. Wewe una mtoto mdogo." Nikamwacha aende, Dada. Nilimvalisha koti langu kwa sababu ni zito, nikamfunga vifungo mwenyewe, cha juu mpaka cha chini. Alitoka anacheka.

Hakuna anayejua ila wewe.

Niambie neno moja tu. Kidoti anajua kwamba niko hai?

Mdogo wako


28 Juni 1993

Mdogo wangu,

Barua ya karani ilifika tarehe 20 Aprili, saa ya chakula. Niliisoma jikoni, upawa mkononi. Kidoti alikuwa dirishani na sahani yake. Sikupiga kelele, sikuanguka. Alinitazama tu usoni, akaweka sahani chini. Hivyo ndivyo alivyojua.

Tulikaa msiba. Watu walikuja, walilia, walikula, wakaenda zao. Mtoto hakusema neno kwa wiki saba. Si chakula, si maji, si haja. Mtu wa miaka sita nilimbeba mgongoni kwenda naye kazini, nikawa nasemesha ukuta. Nesi wa shule aliniambia, huyu akishtuliwa mara ya pili hatutampata tena.

Yako ya Aprili ilifika katikati ya hayo. Niliisoma nikapiga magoti, nikashukuru. Kweli nilishukuru, uniamini. Kisha nikamtazama alivyokaa chini ya meza anakuna sakafu kwa kucha, nikaitia barua kwenye mkebe wa sukari. Ile ya kusahihisha ikaja, nayo nikaitia humo. Tarehe kumi na mbili mwezi huu nilikuwa namchana nywele, akafungua kinywa. Neno la kwanza: "Mama, unaniumiza." Alikuwa ananiambia mimi. Hakubaki mwingine wa kuambiwa.

Sasa sikiliza. Daftari la shule limebadilishwa, mama yake ni mimi. Picha zako nimezitoa ukutani, na uso wako unaanza kumtoka. Wewe ameshakulilia, amemaliza, na mimi sifukui kaburi. Kumwandikia sikukatazi. Nimemwambia yuko mwalimu aliyefanya kazi na mama yake, alikuwa naye siku ile, amwite Mama Mdogo. Andika hivyo, tuma nguo hivyo, nitamsomea. Ukiandika vinginevyo nachoma, na mkebe nao nachoma.

Usiniletee habari za haki. Miaka tisa nilikaa na mume nikimeza kila dawa niliyoambiwa, wewe ukashika mimba kama mtu anayeshika mafua, na baba mwenyewe hujui alikoelekea. Shemeji yako alipoondoka uliniwekea mtoto mapajani ukasema wa kwangu ni wako. Nikakuuliza kwa barua, unatoa au unaazima? Ukaniambia nisikupasue.

Na wewe unayewafunga watu vifungo ukawapeleka kwenye waya, leo unataka kunifundisha kulea?

Dada yako


25 Julai 1993

Dada,

Yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili sijaweza. Nilikupa siri uniwekee, wewe umeichonga ncha.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikamwambia nataka hati yangu, naondoka leo, kwa miguu kama hakuna gari. Akafungua kabati, akafunga. Hati yangu ilifutwa siku walipofunga jalada. Ya kuomba upya haitoki kabla ya Desemba ya mwakani, ule wakati wetu uleule. Akasema, "Marehemu hasafiri," akacheka, kisha akaona uso wangu akaomba radhi.

Basi nimekaa siku tatu sishoni. Mwanzoni nilikutukana, Dada, matusi ambayo mama angetupiga wote wawili. Kisha nikamfikiria Kidoti anakuna sakafu. Sijui kama nesi alisema hivyo au umemsemesha wewe, na kutoka huku sina njia ya kujua. Lakini kama alisema kweli? Nimeshakuwa radi kwake mara moja. Sitaki kuwa ya pili.

Nitaandika utakavyo. Mpaka nije. Nikija nitamshika mwenyewe, hatashtuka, mwili wake utanijua. Naiona siku hiyo kama naiona meza hii.

Ukimsomea, msomee polepole.

Mdogo wako


12 Septemba 1993

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni Kidoti. Sijambo. Naandika mwenyewe na herufi ngumu Mama ananisaidia. Asante kwa sketi. Imenikaa sawasawa hata rafiki yangu akauliza fundi alikupima lini.

Mama amesema ulikuwa na mama yangu wa kwanza siku ya radi. Yeye ndiye alinifundisha kuhesabu. Nataka kukuuliza. Siku ile alihesabu? Alifika ngapi? Alilia?

Mimi nikifika tano naogopa.

Nyuzi nimekata mwenyewe na Mama alishika tu. Wewe una mtoto?

Kidoti


20 Oktoba 1993

Kidoti,

Marahaba, marahaba. Unaandika vizuri kunishinda mimi nilipokuwa mkubwa kuliko wewe. Nyuzi zako umezikata vizuri, ncha hazikufumuka. Wewe utakuwa fundi.

Umeniuliza na nitakujibu. Ndiyo, alihesabu. Alihesabu kwa sauti, na watu kumi na wanne walihesabu naye, kwa lugha yenu. Alifika saba. Alidhani saba ni mbali. Lilikuwa kosa, Kidoti, na nakuambia ili wewe usilifanye. Kuanzia leo mwanga ukimulika usitoke nje, hata ukifika saba, hata ukifika ishirini. Hesabu ukiwa ndani, na uwe umeshikwa na mtu.

Hakulia. Hapakuwa na muda wa kuumia. Alikuwa anakuwaza wewe. Najua kwa sababu alikuwa hana wazo lingine, mpaka wanafunzi wake wakawa wanamtania, wakimwona ameshika uzi wanasema, haya, Mwalimu ameshakwenda kwao.

Mtoto ninaye. Mmoja. Anakaa mbali. Urefu wake ni kama wako, uzi kwa uzi.

Gauni hili la manjano nimelishona polepole kwa sababu mkono wangu mmoja ni mvivu, ndiyo maana mshono wa ubavuni umepinda. Usiutazame sana. Upindo wa chini nimeuacha mpana, vidole vinne, makusudi. Mwakani ukishakua, gauni likawa fupi, mwombe Mama aufungue. Kaa karibu yake akiufungua, kwenye mwanga, uone kazi ya fundi ilivyo kwa ndani.

Mama Mdogo wako


30 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Gauni limefika. Barua yako nimemsomea yote, polepole, kama ulivyoomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Mama Mdogo anamjua mama wa kwanza sana.

Vidole vinne vya upindo! Mimi si fundi, lakini nimekua nawe chumba kimoja, nakujua unavyoficha vitu. Niliufungua yeye akiwa darasani. Umedarizi vizuri kwa mtu mwenye mkono mvivu, kila herufi imesimama: Kidoti, mimi ndiye mama yako, niko hai, nakuja. Na mkasi ulitaka niushike mimi, mtoto amekaa pembeni yangu anasoma. Hapo nakusifu. Hata mimi nisingeliwaza hilo.

Nimeukata wote. Nimekunja upya, sasa upindo ni kidole kimoja. Linamfika gotini, limempendeza, mwakani halitamwingia. Kipande chako kimeivisha chai ya walimu.

Mwakani ukitaka kuja, njoo. Nitakupikia, utalala chumba cha mbele, nitakutambulisha: huyu ndiye Mama Mdogo. Utaitika.

Nyuzi zake hizi hapa. Mweupe umezidi tena.

Na jambo moja, sijui kwa nini nakuandikia. Jana mchana radi ilipiga, karibu sana, vyombo vikacheza. Niliweka mwiko chini nikafungua mikono, kwa sababu siku zote huja mbio kwenye aproni. Alikuja mbio kweli. Akanipita. Akaingia chini ya meza, akakumbatia magoti yake, akaanza kuhesabu bila sauti, midomo tu inacheza. Nikainama nikamwambia njoo, mwanangu, tuhesabu wote.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Mama wa kwanza alihesabu na watu kumi na wanne, na radi ikampiga."

Hakutoka mpaka mvua ilipokatika.

Dada yako